Baba mdogo kaniletea shokapu za Land Cruiser, nami nina Suzuki

Shikamoo mshauri,

Safu yako naisoma kila inapotoka, na siku zote wenzangu wanakuandikia kuhusu waume na mawifi. Mimi nimekuja na shokapu. Usicheke, maana zimeninyima usingizi na zimenigombanisha kidogo kidogo na watu watatu ninaowapenda.

Nina miaka 36, ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Mtumba na nyumbani ni Kisasa. Marehemu baba aliniachia Suzuki SJ410, ile ndogo yenye injini ya cc 970, yenye springi za majani mbele na nyuma. Gari lilikuwa limekaa uani kwetu Kongwa miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Baada ya arobaini nilitaka kuliuza. Aliyenizuia ni rafiki wa baba, fundi mwenye gereji Chang'ombe, ambaye tangu utotoni namwita baba mdogo. Alilizunguka, akagongagonga chesisi kwa spana, akasema, "Chesisi nzima hii. Ukiliuza leo, kesho utalitafuta." Akalifufua mwenyewe. Hela ya spea alipokea, ya kazi akairudisha mkononi mwangu. Alisema baba alishamlipia ada ya mtoto na hakuwahi kumdai.

Nilidhani nitakuwa naendea sokoni tu. Kumbe kazini kuna mwenzetu mwenye kundi la watu wa magari ya forwili. Jumamosi wanakwenda kwenye vilima vya mawe upande wa Chamwino, wanapanda mawe polepole kwa gia nzito, mmoja amesimama mbele anamwelekeza dereva kwa mkono. Nilikwenda kutazama, nikarudi sitamani starehe nyingine. Suzuki yangu inapita penye magari makubwa yanakwama, kwa kuwa ni nyembamba na nyepesi. Nimekata bati la juu, nimewekewa keji ya mabomba na tairi za inchi 31. Ili tairi zienee, baba mdogo aliongeza jani moja kwenye kila springi na akarefusha shekeli, vile vyuma vinavyoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi.

Tangu hapo gari halitulii. Kwenye barabara ya vumbi linaruka. Kwenye mawe tairi moja inaning'inia hewani inazunguka bure, na mimi moyo umepanda kooni. Mwezi uliopita tairi ya nyuma kushoto iliingia kwenye ufa, nikasikia mlio mkali. Kutazama, sikio la shokapu limeng'oka kwenye chesisi. Limechomelewa. Shokapu ya upande wa pili inavuja, vumbi limegandamana nayo tangu juu mpaka chini.

Sasa sikiliza. Jumapili moja baba mdogo alikuja nyumbani baada ya ibada na gunia begani. Ndani mna shokapu nne za Land Cruiser hadtopu, za mtumba lakini nzito kwelikweli, kazipaka rangi nyeusi upya. Alizitafuta mpaka Dar. Hataki hata nauli. "Mwanangu, hizi hutazing'oa mpaka unazeeka." Nilimshukuru, nikampikia chai, na mpaka leo gunia liko stoo. Kila wiki ananipigia, "Unakuja lini tuzifunge?"

Yule mwenzangu wa kundi ananicheka. Anasema gari la mawe linataka shokapu za hewa, zile zenye naitrojeni ndani. Unatoa majani yote, unafunga shokapu nne, gari linaelea. Anaagiza zake Marekani mwisho wa mwezi na anataka nijiunge naye tugawane usafiri. Bei aliyonipa inakula karibu yote ya milioni nne nilizoweka.

Mume wangu yeye kasema neno moja tu: "Milioni nne kwenye shokapu, na kiwanja cha Nzuguni hakina hata msingi?" Hajalirudia, na hilo ndilo linaloniumiza. Tena mtoto wetu wa miaka tisa anang'ang'ania kwenda na mimi kwenye mawe, baba yake kakataa katakata.

Oktoba kundi linakwenda Singida na mimi nimeshasema nitakuwepo. Nichague shokapu zipi? Na nikizikataa za baba mdogo, nitamwambiaje asione nimemtupa? Kwangu yeye ndiye kipande cha baba kilichobaki.

Mwenye Suzuki, Dodoma

MAJIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba ambao naona bado haujapoa. Sijacheka. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikachora hata kigari pembeni ya karatasi.

Umeniuliza shokapu zipi. Lakini ukitazama vizuri, watu watatu wamekupa majibu matatu ya maswali matatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekwenda chini ya gari na futi kamba. Baba mdogo anajibu swali la kitu kisichovunjika. Mwenzako wa kundi anajibu swali la tairi kubaki juu ya jiwe. Mume wako, nahisi, anajibu swali ambalo wewe hujamuuliza. Nitarudi kwake baadaye.

Tuanze chini ya gari, maana huko kuna jambo linaloweza kupunguza nusu ya ugomvi.

Katika barua yako shokapu ndiyo mkosaji wa kila kitu: gari kuruka, tairi kuning'inia, sikio kung'oka. Kwenye gari kama lako shokapu haibebi uzito. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kukanyagwa: pistoni inapita ndani ya oili, oili inalazimishwa kupenya vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Kwa hiyo shokapu mbovu inaeleza kuruka kwenye vumbi. Ile inayovuja imeshaacha kazi, na hapo sina ubishi.

Tairi kuning'inia ni habari nyingine. Gari lako likiwa tupu halifiki tani moja. Springi zake zilipangwa kwa uzito huo, kisha likaongezwa jani moja kila kona. Gari limenyanyuka, ndiyo, lakini springi imekuwa ngumu kuliko uzito unaoikalia. Isitoshe majani yanasuguana yanapopinda, na vumbi la Dodoma likichanganyika na kutu katikati yake, msuguano unaongezeka. Eksele ikitaka kujipinda ifuate jiwe, springi inakataa, na tairi ya upande wa pili inanyanyuka. Hapo hata ukifunga shokapu za dhahabu, tairi itaning'inia vilevile. Je, umewahi kulipeleka kwenye mawe bila lile jani la ziada? Kama hujawahi, hicho ni kipimo cha siku moja na gharama yake ni jasho tu. Hasara yake ni kwamba gari litashuka na tairi za inchi 31 huenda zikagusa fenda. Fenda inakatwa.

Sasa sikio lililong'oka. Hili limenifanya nirudie barua. Umesema tairi iliingia kwenye ufa, yaani eksele ilishuka. Gari limenyanyuliwa kwa jani na shekeli, lakini shokapu, kama nimekuelewa, ni zilezile za urefu wa zamani. Gari likiwa limesimama tu shokapu imeshavutwa kupita katikati. Tairi inapodondoka, shokapu inafika mwisho wa urefu wake kabla springi haijamaliza, na uzito wote wa eksele, difu na tairi unaning'inia kwenye kijisikio kile. Lazima king'oke. Pale mvunjaji ni urefu. Ukifunga nzito zaidi juu ya sikio lilelile bila kupima, safari ijayo patang'olewa kipande kikubwa zaidi cha chesisi.

Nikija kwenye gunia lililoko stoo, sitaki nimuonee baba mdogo. Land Cruiser hadtopu ina uzito wa mara mbili ya gari lako au zaidi, na vitundu vya shokapu yake vimepangwa kwa uzito huo. Watu watakwambia kwa hiyo haifai kabisa. Polepole. Ugumu wa shokapu unategemea mwendo wa pistoni: ukitambaa kwenye jiwe kwa mwendo wa konokono, pistoni inakwenda taratibu na shokapu ngumu inakubali. Pengine hata ingekusaidia unapopanda ngazi ya jiwe, maana shokapu isiyo na breki inaporudi inaiacha pua ya gari irushwe juu. Gari lako lina milimita 2,030 tu kati ya eksele ya mbele na ya nyuma, na gari fupi hivyo pua ikirushwa halina huruma, linakwenda mgongoni.

Balaa la shokapu hizo liko kwingine. Tairi ikidondoka ghafla, eksele nyepesi ya Suzuki haina uzito wa kuinyoosha haraka, hivyo tairi inachelewa kugusa chini, na wewe katika sekunde hiyo umesimama juu ya tairi tatu. Kwenye barabara ya vumbi gari zima litarukaruka badala ya tairi peke yake. Na kuna hatari ambayo haionekani kwa macho: shokapu ndefu ikibanwa nayo inabaki ndefu. Ikifika mwisho wa kubanwa kabla springi haijagusa mpira wa stopa, ule unaoizuia isipande zaidi, shokapu ndiyo inakuwa stopa, na haikuumbwa kwa kazi hiyo. Aidha fimbo ya shokapu inapinda, aidha sikio linang'oka tena, safari hii kwa kusukumwa.

Shokapu za hewa nazo zina sifa zake, na mwenzako hakudanganya. Ndani mna oili na naitrojeni, na ile naitrojeni ndiyo springi yenyewe. Inavyobanwa inazidi kuwa ngumu. Ni nyepesi, zina mwendo mrefu, na kwa vigari vya mawe vyepesi zimependwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Wenye magari mepesi wengi huchukua za kipenyo cha inchi 2. Za inchi 2.5 huendana na magari mazito zaidi. Majina kama Fox na King utayasikia.

Lakini nisome tena maneno yake: "unatoa majani yote, unafunga shokapu nne." Binti yangu, majani yale yana kazi mbili. Yanabeba gari, na yanaishika eksele mahali pake isikimbie mbele wala nyuma wala pembeni. Ukiyatoa, eksele inabaki imeshikwa na nini? Inabidi utengeneze mikono ya chuma, kwa kawaida minne kila eksele, au mitatu na fimbo moja ya kukingama. Inabidi uchomelee mabano mapya kwenye chesisi na kwenye eksele, urefushe paipu za breki, utazame pembe ya propela shafti, upange upya stelingi. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ya fundi anayejua kupiga hesabu ya pembe, siyo ya kufunga bolti nane. Kwa hiyo milioni nne ulizoambiwa ni bei ya shokapu. Bei ya kuzifanya zifanye kazi hujaambiwa, na sidhani kama amekuficha. Huenda hajaifikia mwenyewe.

Na zina tabia zake. Ukipita mteremko wa pembeni, uzito unaegemea upande wa chini, gesi ya huko inabanwa, ya upande wa juu inajinyoosha na kuusukuma mwili wa gari ulale zaidi, kama magunia yanayohamia upande mmoja wa lori kwenye kona. Wenye kuzijua hufunga stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala upande, kudhibiti hilo. Halafu kuna joto. Shinikizo la gesi linafuata joto: asubuhi ya Julai ya nyuzi 15, na shokapu ikifika nyuzi 60 baada ya mwendo mrefu, shinikizo limepanda kwa takriban asilimia 16 hata kama hujaongeza chochote. Kwenye mawe mwendo ni mdogo, shokapu hazipati joto kubwa. Lakini Dodoma mpaka Singida ni zaidi ya kilomita 200, na nadhani unakusudia kuliendesha gari lenyewe, hulibebi juu ya lori. Ongeza na vumbi: fimbo inayotoka na kuingia kwenye sili, ule mpira unaozuia oili na gesi kutoka, imejaa mchanga wa kwetu, sili haidumu, na ikipasuka porini hupotezi utulivu tu, unapoteza springi; gari linakaa chini kona moja. Utaijaza wapi? Hewa ya kompresa ya gereji ina unyevu, haifai humo ndani. Unahitaji naitrojeni, geji yake na mtu anayejua kuipima.

Siyo kwamba nakukataza. Ukiniambia miaka mitatu ijayo kigari hiki kitakuwa cha mawe peke yake, hakitaingia tena Kisasa kwa magurudumu yake, na una fundi wa mikono ile minne, basi hesabu inabadilika. Je, ndivyo unavyotaka? Katika barua yako sikuona mahali unaposema gari la baba ligeuke kitu kingine kabisa. Niliona unataka litulie.

Kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia, labda kwa kuwa haina mvuto: kubaki na majani na kutafuta shokapu za kawaida za gari jepesi, zenye urefu unaolingana na gari lako lilivyo sasa. Hapa jina la gari zilikotoka halina maana kubwa. Vipimo ndivyo vyenye maana, na vinapatikana hivi.

Weka gari sehemu tambarare, toa shokapu za eksele moja, pima kutoka shimo la bolti la juu mpaka la chini likiwa limetulia. Kisha nyanyua tairi moja kwa jeki au kwa kulipandisha juu ya jiwe mpaka springi ya upande huo iguse mpira wa stopa. Pima tena, hicho ndicho kipimo kifupi. Upande wa pili uliodondoka, pima pia; hicho ndicho kirefu. Shokapu utakayonunua, ikibanwa mpaka mwisho iwe fupi kuliko kile kifupi, na ikinyooshwa iwe ndefu kuliko kile kirefu, ukiacha nafasi ya inchi moja hivi kila upande. Gari likiwa limesimama, fimbo iwe karibu na katikati ya mwendo wake. Ukikosa ndefu ya kutosha, funga mkanda imara kutoka chesisi hadi eksele, uikamate eksele kabla shokapu haijafika mwisho. Watu wa mawe huko nje wanautumia sana mkanda huo, na wengine wanauvuta wa mbele kwa winchi ndogo wanapopanda ili pua isinyanyuke.

Ukiwa chini humo, tazama shokapu imelala kiasi gani. Iliyosimama wima inafanya kazi yote. Ikilala nyuzi 30 inabaki na robo tatu, ikilala nyuzi 45 ni nusu. Nimeona magari mengi yaliyonyanyuliwa ambayo fundi alikosa pa kuchomelea akailaza shokapu, kisha mwenye gari akalaumu duka.

Njia hii nayo ina mipaka yake. Majani hayatakupa mwendo mrefu kama mikono na hewa. Yapo mawe Singida ambayo mwenzako atapanda na wewe utazunguka. Utaweza kukaa pembeni ukitazama bila kujiona mdogo? Swali hilo nakuachia, maana najua kundi linavyoweza kumsukuma mtu.

Sasa baba mdogo. Umeandika kwamba ukizikataa utakuwa umemtupa. Mbona hujamuuliza kwa nini alichagua nzito? Mimi sipo moyoni mwake, ila napanga matukio: sikio limeng'oka, yeye ndiye aliyeongeza jani na shekeli, na anayepanda mawe ni mtoto wa rafiki yake aliyelala kaburini. Baada ya hapo anasafiri mpaka Dar kutafuta chuma kisichovunjika. Je, unadhani alikuwa anatafuta shokapu tu? Pengine gunia lile ni hofu yake. Kama ndivyo, kumwambia "hazifai" ni kujibu jambo ambalo hakulisema.

Unaweza kumpigia umwambie unakuja Jumamosi na shokapu zake, na kwamba kabla ya kufunga ungependa mpime pamoja, yeye alale upande mmoja na wewe upande mwingine. Fundi wa umri wake akishika futi kamba ataona mwenyewe kama zinabanwa mapema. Inawezekana akasema "hizi hapana" kabla yako. Inawezekana pia zikatoshea, na mkaamua kuzijaribu kwa wiki mbili. Hatari ya njia hiyo ni vijana wa gereji: kipimo kikimkatalia mbele yao, atajitetea, na akishajitetea hatarudi nyuma. Chagua saa ambayo vijana wamekwenda kula.

Njia nyingine ni kumwambia waziwazi nyumbani kwake, mbele ya mama mdogo kama yupo, kwamba zawadi umeipokea kwa mikono miwili lakini gari ni jepesi. Ni ya heshima zaidi na inauma zaidi. Na ukiendelea kunyamaza, gunia likakaa stoo hadi Oktoba huku umefunga za mtu mwingine, ataziona. Magari yako yote yanapita kwenye gereji yake. Hakuna siri hapo. Kati ya hizo tatu, wewe ndiye unayemjua mzee wako.

Huyo mwenzako wa kundi mwambie tu kwamba bado unapima. Mwisho wa mwezi ni tarehe ya mzigo wake, siyo yako. Akikasirika kwa sababu ya nauli ya mzigo, utakuwa umejua jambo.

Nimebakiza mume wako. Alisema neno moja kuhusu kiwanja na hakulirudia. Alikataa katakata mtoto asiende. Ninapoyaweka haya mawili pamoja, najiuliza kama kiwanja ndicho kinachomsumbua kweli. Umewahi kumchukua siku moja akatazama? Akatazama akiwa amesimama pembeni ya jiwe, siyo kwenye video ya simu? Anaweza kurudi na hofu kubwa zaidi, hilo sikufichi. Anaweza pia kukuuliza kuhusu keji, na hapo uwe na jibu: imetengenezwa kwa bomba gani? Mafundi wengi hutumia bomba la maji kwa kuwa ndilo lililopo, na bomba la maji halikutengenezwa kuzuia gari lisikuponde likipinduka. Imefungwa kwenye chesisi au kwenye bodi tu? Mikanda ya viti ni ya aina gani, na kiti cha nyuma walipotagia kuku kina mkanda wowote? Bima yako inajua kwamba gari limekatwa bati? Hizo milioni nne, au sehemu yake, zinaweza kuwa na kazi ambayo wewe na yeye mkaikubali kabla hata ya kufika kwenye shokapu. Au mkagawana, nyingine zikaenda Nzuguni. Au akasema ni za kwako, amua. Mpaka sasa hajaulizwa.

Kuhusu mtoto sitakuingilia, hilo ni la wazazi wawili. Ila miaka tisa ni umri wa kutosha kushika ncha moja ya futi kamba na kusoma namba kwa sauti wakati mama na babu wako chini ya gari.

Ukishapata vile vipimo vitatu kwa kila eksele, niandikie, pamoja na urefu wa shokapu zilizomo kwenye gunia zikiwa zimebanwa na zikiwa zimenyooshwa. Na ile inayovuja usiisubiri Oktoba. Shokapu za eksele moja zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, vyovyote utakavyoamua baadaye.